TRENI YA USIKU INDIA NA FAMILIA: KABLA HUJAPANDA, ANGALIA UMRI WA BI MKUBWA KWENYE TIKETI

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Kuna swali nimeulizwa na watu watatu tofauti ndani ya muda mfupi: "Kaka, ile treni ya kulala ya India, ukiwa na mama na watoto inakuwaje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, ngoja nilimwage lote hapa. Wale mnaosomea cafe na dakika zinayoyoma, somani sehemu ya UMRI na ya TAREHE, mengine printi ukasomee nyumbani.

Wabongo wanaokwenda India ni wengi, wengine kusoma, wengine biashara, wengine matibabu. Na huyu wa matibabu haendi peke yake, lazima awepo wa kumshika mkono, na mara nyingine watoto hawana pa kuachwa. Habari za ndege kila mtu anaziuliza. Ya treni hakuna anayeuliza mpaka yuko stesheni na mabegi kichwani.

Mimi yalinikuta mwaka 2023. Tulikuwa tunampeleka bi mkubwa Delhi kutibiwa magoti, ila tulitua Mumbai kwa sababu mdogo wangu alikuwa anasoma Pune, na bi mkubwa aliapa hafiki India akarudi bila kumwona kitinda mimba wake. Tulikuwa watano: bi mkubwa, mimi, mama watoto, binti yetu wa miaka 7 na kijana wa miaka 3. Nilipopiga hesabu ya ndege ya Mumbai kwenda Delhi kwa familia nzima pamoja na mizigo, mfuko ukakataa. Wakala mmoja karibu na gesti tuliyofikia akatukatia tiketi za treni, akachukua chake, akatutakia safari njema.

Tulipoingia kwenye behewa ndipo nikaona tumechemka. Vitanda vyetu vilikuwa namba 26, 27, 29 na 30. Viwili vya katikati, viwili vya juu kabisa, karibu na dari. Bi mkubwa kapewa namba 30, cha juu, ambacho unakipanda kwa kangazi kembamba ka chuma. Mama ambaye ngazi mbili za barazani anazipanda huku kashikilia ukuta! Akasimama pale, kashika ile ngazi, akaniambia taratibu, "Mwanangu usihangaike, mimi nitakaa tu mpaka asubuhi."

Nikachukua ile karatasi ya tiketi nikaisoma vizuri kwa mara ya kwanza. Mbele ya jina la bi mkubwa palikuwa pameandikwa umri: 36. Bi mkubwa alikuwa na miaka 63. Wakala kageuza tarakimu mbili tu, na kosa lote limeanzia hapo.

Ndiyo maana nasema, wadau, kwenye treni ya usiku mambo mengi yanaamuliwa kwenye karatasi, siku nyingi kabla hujaiona stesheni. Ukishaingia ndani umebaki na huruma za watu. Haya twende hatua kwa hatua.

TRENI YENYEWE NI IPI

Tuliyopanda sisi ni Rajdhani Express, kutoka Mumbai Central mpaka New Delhi. Ni kama kilomita 1,384. Kwa kulinganisha, reli yetu ya kati kutoka Dar mpaka Kigoma ni kama kilomita 1,250. Inaondoka Mumbai kama saa 11 jioni na kufika Delhi kesho yake kama saa 2 na nusu asubuhi, yaani saa 15 na ushee. Njiani inapita Surat, Vadodara, Ratlam na Kota, na sehemu kubwa ya safari mko usingizini.

Rajdhani ya kwanza ilianza mwaka 1969 kati ya Howrah, upande wa Kolkata, na New Delhi. Ya Mumbai ikafuata mwaka 1972. Ni treni za kuunganisha makao makuu na miji mikubwa, zinasimama vituo vichache na mabehewa yake yote yana kiyoyozi.

Angalizo la kwanza: Mumbai ina stesheni kubwa kadhaa. Kuna Mumbai Central, kuna CSMT ambayo wazee wengi bado wanaiita VT, kuna Bandra Terminus, na nyingine. Delhi hivyo hivyo: New Delhi, Old Delhi, Hazrat Nizamuddin, Anand Vihar. Na Rajdhani za Mumbai kwenda Delhi ni zaidi ya moja, hazitoki wote sehemu moja. Ukimwambia dereva wa teksi "stesheni" tu, anaweza kukupeleka upande mwingine wa jiji. Mwonyeshe tiketi, jina la stesheni lipo pale.

MADARAJA

Usidanganywe na neno "tiketi ya kulala", maana kulala kuna ngazi zake. Kwenye tiketi utaona herufi:

SL – kulala bila kiyoyozi. Madirisha yanafunguka, bei ni ya chini, vitanda ni ghorofa tatu, matandiko ujibebee mwenyewe. Rajdhani haina daraja hili, ila treni nyingi za kawaida zinalo.

3A – kiyoyozi, vitanda ghorofa tatu. Unapewa mashuka mawili, mto, blanketi na taulo ndogo. Familia nyingi za kipato cha kati husafiria hapa, na sisi tulikuwa hapa.

2A – kiyoyozi, vitanda ghorofa mbili. Hapa hakuna kitanda cha katikati, nafasi ni kubwa zaidi, na kuna mapazia.

1A – vyumba vyenye mlango, vya watu wawili au wanne. Bei yake usiiulize huku umesimama.

Kwenye ubavu wa behewa utaona S1, S2 (hiyo ni SL), B1, B2 (3A), A1, A2 (2A) na H1 (1A). Treni ni ndefu balaa, na kama umesimama upande wa mkia wakati behewa lako liko kichwani, utakimbia na watoto mpaka ujute. Kwenye majukwaa ya stesheni kubwa kuna vibao vya kielektroniki vinavyoonyesha behewa gani litasimama wapi. Fika mapema, tafuta kibao chako, tulia hapo.

Sasa kuna jambo litakalowashtua wale waliozoea treni za kwetu. Kwenye TAZARA tuliyokua nayo, vyumba vya kulala vilitenganishwa, wanaume kwao na wanawake kwao, labda ununue chumba kizima. India kwenye SL, 3A na 2A hakuna hayo. Mmechanganyika, na hakuna mlango. Bi mkubwa wako anaweza kulala mita moja kutoka kwa mwanaume asiyemjua. Mwambie mapema, tena nyumbani, asije akaanza kukugombeza mbele za watu.

JINSI YA KUSOMA NAMBA YA KITANDA

Hii wengi hawaijui, na ni rahisi kama hesabu ya darasa la nne. Kwenye SL na 3A, kila kijichumba kina vitanda 8: sita vinatazamana tatu kwa tatu, na viwili viko pembeni, ng'ambo ya korido. Chukua namba ya kitanda chako, igawe kwa 8, angalia kinachobaki:

Ikibaki 1 au 4 – kitanda cha chini.
Ikibaki 2 au 5 – cha katikati.
Ikibaki 3 au 6 – cha juu.
Ikibaki 7 – cha pembeni, chini.
Isipobaki kitu – cha pembeni, juu.

Chukua ile 30 ya bi mkubwa: 8 mara 3 ni 24, inabaki 6, cha juu. Ningejua hesabu hii siku ile nilipokabidhiwa tiketi, ningerudi kwa yule wakala jioni ile ile.

Kwenye 2A unagawa kwa 6: ikibaki 1 au 3 ni cha chini, 2 au 4 cha juu, 5 pembeni chini, na isipobaki kitu pembeni juu.

Vitanda vya pembeni ni vifupi kidogo na watu wanapita hapo usiku kucha kwenda msalani. Mrefu kama mimi miguu inaning'inia koridoni. Mgonjwa usimweke hapo kama una njia nyingine.

UMRI: HAPA NDIPO TULIPOCHEMKA

Kompyuta ya reli ya India imepangwa kuwapa wazee kitanda cha chini zinapokuwepo nafasi. Mwanamke kuanzia miaka 45 na mwanaume kuanzia 60 huwa wanafikiriwa wenyewe kwa wenyewe, bila hata kuomba. Wajawazito nao wana utaratibu wao. Lakini kompyuta haimwoni bi mkubwa na fimbo yake. Inaona namba uliyoandika. Ukiandika 36 inampeleka darini na vijana wenzake.

Kwa hiyo, ukishakatiwa tiketi, kabla hujatoa hata rupia moja, soma vitu vinne kwa kila mtu: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, umri, jinsia, na kitanda. Mkaguzi ataomba kitambulisho ndani ya treni, na pasipoti ndiyo kitambulisho chako. Beba yenyewe halisi, usitegemee picha ya kwenye simu.

Jingine, familia yote iwe kwenye tiketi moja. Tiketi moja inabeba mpaka watu 6 chini ya namba moja ya tarakimu 10 inayoitwa PNR. Mkiwa kwenye PNR moja, kompyuta inajitahidi kuwaweka karibu. Ukikata mbili mbili kwa nyakati tofauti, unaweza kujikuta uko B2 na mkeo yuko B7 na mtoto analia.

HERUFI ZINAZOWEZA KUIVUNJA SAFARI

Kupewa karatasi yenye namba ya treni hakumaanishi una kitanda. Angalia hali ya tiketi:

CNF – umethibitishwa, kitanda chako kipo.
RAC – una haki ya kupanda, lakini mnagawana kitanda kimoja cha pembeni chini, wawili, kila mtu amekaa nusu. Mtu akiahirisha safari unaweza kupata kizima.
WL – uko kwenye foleni. Haruhusiwi mtu wa WL kupanda mabehewa ya vitanda. Tiketi ya mtandaoni ambayo wote wamebaki WL mpaka orodha ya mwisho inapotoka, inafutwa yenyewe na pesa inarudishwa.

Wakala anaweza kukuuzia WL huku anasema "itathibitika tu, no problem". Pengine itathibitika, pengine mtalala stesheni. Ukiwa peke yako na begi moja unaweza kucheza hiyo kamari. Ukiwa na mgonjwa na watoto, usithubutu.

Dawa yake ni kuwahi. Tangu Novemba 1, 2024, tiketi za treni nyingi zinafunguliwa siku 60 kabla ya safari (zamani ilikuwa 120). Kuna nafasi za dharura zinaitwa Tatkal, zinazofunguliwa siku moja kabla, lakini tangu Julai 2025 kuzikata mtandaoni kunataka akaunti iliyothibitishwa kwa Aadhaar, ambacho ni kitambulisho cha wakazi wa kule. Kwa hiyo mgeni usijenge safari yako juu ya Tatkal. Bora utumie nafasi zilizotengwa kwa wageni. Stesheni kubwa kama New Delhi ina ofisi ya watalii wa nje, unakwenda na pasipoti na viza. Na ukikata mwenyewe kwenye tovuti rasmi ya IRCTC unaona kila herufi kwa macho yako, hakuna wa kukugeuzia tarakimu.

WATOTO

Mtoto chini ya miaka 5 anasafiri bure, ila hapewi kitanda. Kuanzia 5 mpaka kabla ya 12 unachagua: ukitaka awe na kitanda chake unalipa nauli kamili ya mtu mzima, usipotaka unalipa nusu na mnabanana. Utaratibu huo upo tangu Aprili 2016.

Ushauri wangu kwa mtoto wa miaka 7 ni kulipa. Saa 15 za kubanana kwenye kitanda chembamba na mtoto anayepiga mateke usingizini, asubuhi utakuwa mgonjwa wa pili. Binti yetu tulimpa cha katikati, na kwake ile ilikuwa sikukuu. Mdogo kabisa mlaze kitanda cha chini, upande wa ukutani, mtu mzima akae upande wa korido. Usimlaze cha juu hata akilia. Treni inapofunga breki usiku ni shauri jingine.

TAREHE NA SAA: MTEGO WA WASWAHILI

Hapa nawaomba msome taratibu. Tiketi inaandikwa kwa saa 24. Treni ya 05:10 si ya saa tano, ni ya saa 11 na dakika 10 alfajiri. Wengi mtacheka, lakini mtu aliyechoka na safari anachanganya.

Mtego mkubwa zaidi ni wa usiku wa manane. Tuseme tiketi imeandikwa tarehe 15, saa 00:25. Sisi kichwani tunasema "treni yetu ya tarehe 15 usiku", tunakwenda stesheni tarehe 15 baada ya chakula cha jioni. Treni imeshaondoka jana yake! Hiyo 00:25 ya tarehe 15 ni usiku wa KUAMKIA tarehe 15. Unatakiwa uwe stesheni tarehe 14 usiku. Kiswahili chetu kina neno lake zuri kabisa la jambo hili, tulitumie. Andika kwa kalamu juu ya tiketi: "usiku wa kuamkia tarehe 15", kila mtu ndani ya nyumba aone.

Na kwa wenye dawa za saa maalumu, India iko mbele ya Tanzania na Kenya kwa saa 2 na nusu. Mwulize daktari mapema jinsi ya kuhamisha ratiba ya dawa, usingoje mpaka uko ndani ya treni.

USIKU WENYEWE

Sasa turudi kwa bi mkubwa, tulimwacha kashika ngazi.

Mchana vitanda vya katikati hukunjwa na vya chini huwa benchi la wote, kwa hiyo jioni ile tulikaa vizuri tu. Wahudumu wakapita na chai, baadaye supu, kisha chakula cha usiku: wali, dengu, mchuzi, chapati, mtindi. Kwenye Rajdhani unapokata tiketi unaulizwa kama unataka chakula, na kama unakula nyama au la. Kijana wetu wa miaka 3 akala chapati mbili akatangaza kwamba India ni nzuri.

Lakini mimi moyo ulikuwa haupo. Utaratibu unasema kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi, mwenye kitanda cha katikati ana haki ya kukikunjua alale. Kikishakunjuliwa, pale chini hakuna tena pa kukaa, mwenye kitanda cha chini naye analala. Maana yake ile ya "nitakaa tu mpaka asubuhi" haikuwepo. Ikifika saa 4, ama bi mkubwa apande dari, ama asimame koridoni.

Nilimfuata mkaguzi wa tiketi na ile karatasi na pasipoti. Hakuwa mbaya, akatazama mwaka wa kuzaliwa, akatikisa kichwa, akasema treni imejaa, ila kubadilishana kwa hiari na abiria mwenzangu ruksa. Nikarudi. Kitanda namba 25 alikuwapo mzee wa Kihindi kuliko hata bi mkubwa kwa umri, huyo sikuthubutu. Namba 28 alikuwapo kijana mmoja na kompyuta yake ya mapajani, spika masikioni. Nikajikaza, nikamgusa bega, nikamwonyesha mama, magoti, kitanda cha juu. Sikumaliza maelezo. Akachomoa spika, akabeba begi lake, akapanda namba 30 kama paka. Akamwambia bi mkubwa neno moja, "Mataji". Bi mkubwa akaniuliza kasema nini. Nikamwambia kakuita mama.

Ndiyo hivyo, wadau. Nilifanikiwa, lakini kijana yule hakuwa na wajibu wowote wa kuhama. Kitanda kilikuwa chake kihalali. Angekataa, nisingekuwa na la kusema. Mkitaka kuomba kubadilishana, ombeni mapema, kabla watu hawajatandika, na mtoe kitanda cha daraja lile lile ndani ya behewa lile lile. Kumtaka mtu aache B4 aende B9 ili familia yako ikae pamoja, hapo unamtwisha mzigo wako.

Faragha je? 3A haina mapazia. Bi mkubwa akafungua begi, akatoa kanga, akaifunga ncha mbili kwenye minyororo inayoshikilia kitanda cha katikati. Ikawa pazia safi. Mjukuu wa miaka 3 akalazwa nyuma yake upande wa ukutani, na dakika kumi baadaye nikasikia wote wawili wanakoroma. Kwa hiyo wadau, kanga mbili ziwe begi la mkononi, msiziweke kwenye sanduku kubwa.

Mambo mengine ya usiku:

Baada ya saa 4 taa kubwa huzimwa, simu bila sauti, hakuna kupiga muziki wala kuongea kwa kelele.

Kiyoyozi hakina huruma. Watoto wavae soksi na sweta hata kama nje ni joto la kuchemsha yai.

Vyoo viko mwisho wa behewa, vya kuchuchumaa na vya kukaa. Beba karatasi na sabuni, na mpeleke mgonjwa kabla watu hawajalala, maana baadaye korido ni giza na viatu vya watu viko njiani.

Jiko la mafuta ya taa au la gesi ni marufuku ndani ya treni. Uji wa mtoto beba kwenye chupa ya chai.

Kuna mnyororo mwekundu wa kusimamisha treni kwa dharura. Waonyeshe watoto na uwaonye. Kuuvuta bila sababu ya msingi ni kosa, kifungo mpaka mwaka mmoja au faini mpaka rupia 1,000. Kwa tatizo la kiafya au la usalama, namba ya msaada ya reli ni 139.

MIZIGO

Kwenye 3A na SL kila mwenye tiketi kamili anaruhusiwa kilo 40 bure, 2A kilo 50, 1A kilo 70. Masanduku yanaingia chini ya kitanda cha chini, na pale kuna vipete vya kufungia. Wachuuzi wa stesheni wanauza minyororo na kufuli, nunua mmoja, na wenyeji nao wanafunga, usione aibu.

Pasipoti, pesa, dawa na lile faili la hospitali havifungwi chini. Vinalala na wewe, kwenye kimkoba chini ya mto. Sanduku la nguo likipotea utanunua nguo. Picha za eksirei na barua ya daktari utazinunua wapi?

Stesheni utakutana na wabeba mizigo wenye mashati mekundu. Kule nao wanaitwa kuli, kama wale wa bandarini kwetu. Kubaliana bei kabla hajagusa begi. Na utashangaa kusikia treni inaitwa relgadi, yaani ni hili hili gari letu, neno lililovuka bahari kuja kwetu zamani. Bi mkubwa alifurahi kweli, akasema kumbe Kihindi anakijua nusu.

KUFIKA

Usiweke miadi ya daktari asubuhi ile ile ya kufika. Desemba na Januari kaskazini mwa India hushuka ukungu mzito, treni zinatambaa na kuchelewa saa nyingi. Hata miezi mingine saa moja au mbili si habari. Jipe siku nzima ya kupumzika. Kama unashuka kituo cha katikati, sio mwisho wa safari, weka kengele ya simu nusu saa kabla, treni inasimama dakika chache tu na haimsubiri mtu anayetafuta kiatu cha mtoto.

Sisi tulifika Delhi tumechelewa kama dakika arobaini. Kijana wa namba 30 alishuka darini, akamsaidia bi mkubwa mpaka mlangoni, akapotelea kwenye umati kabla sijamwuliza hata jina. Magoti yalitibiwa, na bi mkubwa sasa anapanda ngazi za barazani bila kushika ukuta. Tuliporudi Mumbai kwa treni ile ile, tiketi nilikata mwenyewe. Umri: 63. Kitanda: namba 12. Fanyeni hesabu mtaniambia ni cha wapi.

Mwenye uzoefu wa njia nyingine za India, hasa Chennai na Vellore ambako wagonjwa wetu wengi wanakwenda, atupie hapo chini tujifunze. Matusi sitayapitisha. Safari njema.